Biskuti za Safari ya Idrisa

Rumonge, Alhamisi, mwezi wa tano, 1972. Mawingu tangu asubuhi na baridi ya ziwani. Mvua haitaki kunyesha wala haitaki kuondoka.

Nina hasira. Nianze na hilo kabla sijaandika kingine, maana mwandiko wangu si mzuri hata siku nikiwa nimetulia. Idrisa ndiye aliyenifundisha herufi hizi za Kizungu. Mimi chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilisoma za Kiarabu tu. Daftari hili pia ni lake, lenye miraba midogo. Alilileta kutoka bohari ya mafuta ya mawese anakofanya ukarani, akasema haiwezekani mke wa karani akakosa daftari. Basi leo naandika ndani ya daftari la mume wangu kwamba nimemkasirikia mume wangu.

Nyumba nzima inanukia biskuti. Harufu nzuri, ya iliki na mawese yaliyochemshwa vizuri.

Nimefungua dirisha ili itoke.

Tangu mwisho wa mwezi uliopita mji huu umeharibika. Kwanza walikuja watu wenye mapanga, wakaua, na wengine kati ya waliouawa tulikuwa tunasalimiana nao sokoni. Kisha wakaja askari, na wao hawakuuliza nani alishika panga na nani alikuwa amelala kwake. Sasa imefika zamu ya karatasi. Unaletewa konvokasio, karatasi yenye jina lako na muhuri wa komini, ofisi ya serikali ya hapa, kwamba uende kujibu maswali. Wiki iliyopita walimwita mwalimu, wakamwita muuguzi, wakawaita makarani wawili. Wote ni watu wanaojua kusoma na kuandika. Ukiuliza mtaani kwetu kama wamerudi, unajibiwa "bado", na anayekujibu anatazama chini.

Jumamosi alikuja Mzee Sefu, mvuvi, binamu ya marehemu baba yangu. Alisema ana nafasi ya mtu mmoja katika mtumbwi wake, Jumatatu alfajiri. Wangevuka hadi upande wa Kongo, kisha wangefuata ukingo wa ziwa kidogo kidogo na kuvuka tena mpaka Kigoma, kwa mjomba wa Idrisa. Siku tano, labda sita. Sharti lake lilikuwa moja tu: njiani hakuna kuwasha moto, kwa sababu moshi unaonekana mbali. Chakula kiwe kikavu, cha kutafuna hivyo hivyo.

Idrisa alikubali. Hilo ndilo linaloniua. Alikubali bila kubishana. Alikuwa ameshaomba kongé, likizo ya wiki mbili kazini, na akapewa, akasema anakwenda kumwona mjomba anayeumwa. Haikuwa kukimbia. Ilikuwa safari ya mtu na ruhusa yake mfukoni.

Na mimi nikasema chakula cha safari ni kazi yangu, nitamwokea biskuti.

Biskuti zenyewe si hizi za dukani za kwenye karatasi. Ni za chachu, zinaumuka kama mkate, zinaokwa, zinakatwa vipande, kisha zinarudishwa motoni mara ya pili mpaka zikauke kabisa. Hukaa mwezi mzima bila kuota ukungu. Mama yangu alijifunza kwa mke wa Mgiriki mmoja aliyekuwa akiuza vitambaa hapa karibu na ziwa, mama akiwa mpishi wake. Wagiriki wale waliondoka baada ya Uhuru, lakini biskuti zilibaki kwetu. Mwaka ule wa Uhuru, nikiwa bado msichana, mama na mimi tulizioka kwa ajili ya mtaa mzima. Watu walizichovya kwenye chai barabarani, Waislamu na Wakristo, wakicheka ovyo. Madamu, yule mke wa Mgiriki, alitumia mafuta ya kwao ya chupa. Sisi tulitia mawese, kwa hiyo za kwetu zina rangi ya manjano iliyokolea na huacha alama vidoleni.

Unga wa ngano nilikuwa nao, karibu nusu gunia. Hamira ndiyo sikuwa nayo. Hamira ya kopo inatoka Bujumbura, na barabara imefungwa. Duka la Mwarabu limebaki na sabuni na viberiti.

Jirani yangu Karolina anapika urwarwa, pombe ya ndizi. Alinisikia nikilalamika, akaja na kibakuli chenye mashapo ya chini ya mtungi, yale mazito meupe yanayotoa povu. Akasema:

"Mama Asha, tia hii. Inapandisha unga mbio, hata saa mbili haiishe."

Nilijua ni kweli. Kila mwokaji anajua. Kama ningeyapokea Jumamosi ile, unga ungeumuka jioni, Jumapili ningeoka mara mbili, na Jumatatu alfajiri Idrisa angekuwa majini.

Lakini mama mkwe wangu, Bibi Mwamvua, alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele. Ni mtu wa sala tano, hakosi hata moja, na babu zake walitoka Umanyema na Uislamu wao mgongoni. Alitazama kile kibakuli, akainuka, akasema:

"Mutoto wangu ataenda juu ya maji na pombe mu tumbo? Hapana. Mu nyumba yangu ile kitu haiingie."

Karolina akachukua kibakuli chake akaondoka. Hakukasirika, ametuzoea. Nikaanza kutengeneza chachu yangu mwenyewe, kwa njia ya mama: ndizi zilizoiva mpaka zimekuwa nyeusi, nikaziponda, nikatia maji ya uvuguvugu na konzi mbili za unga, nikafunika kwa kitambaa, nikaweka chungu karibu na jiko. Inachukua siku moja kukiwa na joto.

Sasa nikumbuke kitu kimoja ambacho sikukisema siku ile. Urwarwa ni ndizi. Chachu yangu ni ndizi. Siku ya tatu nilipofunua chungu, kilinuka pombe hasa, kuliko kibakuli cha Karolina. Ndizi ni zile zile na harufu ni ile ile. Tofauti ni kwamba moja imevundikwa na Mkristo na nyingine imevundikwa na mimi. Mama mkwe alisogea, akanusa, akasema hii ni safi. Nilitaka kucheka. Leo natamani ningecheka kwa nguvu mpaka aone haya, kisha niende kwa Karolina nikiwa na kibakuli changu.

Sikwenda. Mke wa mtoto wa pekee habishani na mama mkwe ndani ya nyumba ya mama mkwe, hasa mbele ya jirani. Nimelelewa hivyo, na nimewahi kusifiwa kwa hilo. Wanawake wa mtaani huwaambia binti zao watazame heshima ya Mama Asha. Leo heshima hiyo naiona kama tope miguuni.

Jumapili kulikuwa na baridi. Chachu haikutoa hata povu moja. Jumatatu alfajiri Mzee Sefu alipogonga, nilitoka mimi nikamwambia unga haujaumuka, angoje. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Akauliza hadi lini, nikasema Alhamisi. Akakuna kichwa. Alisema Idrisa anaweza kwenda na ndagala, dagaa wa hapa ziwani, waliokaushwa, na ndizi mbivu, watu wanasafiri hivyo kila siku. Nikamjibu kwamba ndagala watupu wanaleta kiu, na ndizi baada ya siku mbili ni uji. Nilijibu vizuri sana. Nina ulimi, nikitaka. Sefu akakubali, na Idrisa akasema siku tatu si kitu, ruhusa yake ni ya wiki mbili.

Kama angekwenda na ndagala, angelala na njaa siku mbili tatu. Nani amekufa kwa njaa ya siku tatu?

Nilimwambia Sefu sababu nyingi, na zote zilikuwa za kweli, ila sikumwambia sababu mbili nyingine. Ya kwanza ni kwamba wake wa mjomba huko Kigoma wanatuona sisi wa Rumonge washamba, na nilitaka wafungue kile kitambaa waone biskuti zimekatwa sawasawa, kavu, za manjano. Nilitaka waseme huyu Idrisa ameoa. Ndiyo, watu wanachukuliwa kwa magari, na mimi nilikuwa nafikiria wanawake wa Kigoma watasema nini.

Ya pili naiandika taratibu.

Nilifurahi chachu ilipochelewa.

Jumatatu, Jumanne, alikuwa nyumbani. Kongé yake ilikuwa imeshaanza, kwa hiyo hakwenda kazini. Alirekebisha mguu wa meza. Alimfundisha binti yetu Asha kuandika jina lake, alimbeba mdogo wake mabegani mpaka mtoto akatapika kwa kucheka. Kila nilipofunua chungu na kukuta chachu haijapanda, moyoni nilisema vizuri, kesho pia yupo. Sikuwa na haraka. Nilikifunika chungu taratibu kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Jana, Jumatano, ndipo chachu ilipopanda. Ilipanda vizuri, ikasukuma kitambaa. Nikakanda unga na mawese na sukari kidogo na iliki, nikauacha uumuke, nikauoka ndani ya sufuria, moto chini na makaa juu ya kifuniko. Mikate ilikuwa imetoka motoni na nilikuwa nangoja ipoe niikate, wakati kijana wa komini alipoleta karatasi. Konvokasio. Jina kamili la Idrisa, limeandikwa kwa mashine. Afike Alhamisi asubuhi.

Nikamwambia Idrisa aende sasa hivi kwa Sefu. Mtumbwi upo, mikate ipo hata kama haijakaushwa, aende tu. Nilimshika mkono. Sijawahi kumshika mkono hivyo mbele ya mama yake.

Akaisoma ile karatasi mara mbili, akaikunja vizuri, akasema:

"Ule mwenye anakimbia sasa njo iko na makosa. Miye sina. Nitaenda, nitajibu, nitarudi kula."

Jumatatu ilikuwa safari. Jumatano imekuwa kukimbia. Mtu ni yule yule, ziwa ni lile lile, mtumbwi ni ule ule. Karatasi moja imeingia katikati, na mume wangu, mwenye akili kuliko wote mtaani, anayeandikia watu barua zao na kuwasomea barua zao, akaamini karatasi. Tena alikuwa na hoja. Alisema akikimbia watakuja kumchukua mama yake, au mimi. Alisema kazini kwake hesabu zote ziko sawa, mtu yeyote anaweza kwenda kuangalia. Nilimuuliza kama yule muuguzi hesabu zake hazikuwa sawa. Akaniomba nimpigie pasi shati jeupe.

Nikampigia pasi. Hilo nalo liandikwe.

Leo asubuhi alivaa shati, akapaka viatu rangi, akambusu Asha na mdogo wake kichwani, akainama akamshika mama yake miguu. Mama mkwe akamsomea dua ndefu. Mimi nilikuwa nimesimama jikoni na kisu, nakata mikate vipande, na sikutoka. Nilikuwa na hasira naye. Nilitaka aione hasira yangu, aende nayo, imsumbue njiani. Alisimama mlangoni mwa jiko akasema zimetoka nzuri. Nikasema hebu chukua basi hata mbili. Akasema hawezi kuingia mbele ya administrateri, mkuu wa komini, na mawese vidoleni.

Akaondoka na mikono misafi.

Nikarudisha vipande motoni. Nilifanya kazi vizuri, sikuunguza hata kimoja. Adhuhuri zilikuwa zimekauka, ukigonga mbili zinalia kama vigae. Nikafunga kiasi katika kitambaa, nikaenda komini. Nilijiambia wamechelewa kwa sababu kuna watu wengi wa kuulizwa, na watu wanaongoja wanahitaji chakula.

Uani hapakuwa na mtu. Palikuwa na askari mmoja langoni na alama za magurudumu ya gari kubwa kwenye tope. Nikamsalimu kwa Kirundi, amahoro, akaitikia. Nikamwambia nimemletea mume wangu chakula, nikataja jina. Akanitazama, akatazama kitambaa. Bado kilikuwa na joto, mawese yalikuwa yameanza kupenya. Akasema:

"Mama, rudi na ile chakula. Pale wameenda hawatakula."

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningemtupia usoni. Alisema kama mtu anayekuelekeza njia, na baada ya hapo akatazama pembeni. Nikamuuliza ni wapi, akasema Bururi, labda. Nikauliza gari liliondoka saa ngapi. Akasema mapema, kabla ya saa tatu. Saa tatu mimi nilikuwa bado nachochea makaa.

Sijui nilirudije. Nakumbuka nimepita sokoni na mtu akaniuliza biskuti hizo ni za kuuza, nami nikamtukana tusi ambalo sikujua kwamba ninalijua.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Nikamwambia yale aliyoyasema askari, neno kwa neno, sikupunguza. Kisha nikamwambia mengine. Nilimwambia kuhusu kibakuli cha Karolina, kuhusu Jumamosi, kuhusu Jumatatu alfajiri. Nilimwambia angekuwa ameshavuka, angekuwa yuko karibu na Kigoma saa hizi akimlalamikia Sefu mgongo unamuuma. Nilimwambia pombe ikiingia motoni haibaki pombe, kila mpishi anajua, na kwamba yeye amemuua mwanawe kwa usafi. Nilisema hivyo. Nilimwambia mama mkwe wangu hivyo, kwa sauti, dirisha likiwa wazi, mimi mwenye heshima.

Alingoja nimalize. Hakulia. Uso wake ulikuwa mdogo sana. Akasema:

"Na weye, kwa nini ulinisikia?"

Nimekaa hapa tangu wakati huo na daftari hili, nimeandika kurasa zote hizi. Nimemkasirikia yeye kwa kukataa, Idrisa kwa kuamini, Sefu kwa kukubali kungoja, yule askari kwa kuwa mpole. Nimewakasirikia wenye mapanga na wenye bunduki, na huyo aliyekaa mahali akapiga jina la mume wangu kwa mashine bila kulikosea hata herufi moja. Hasira inatosha kila mtu na bado inabaki nyingi, na hiyo inayobaki ninajua ni ya nani.

Mtu aliyefurahi unga usipoumuka ni mimi.

Sasa ni alasiri. Mzee Sefu amekuja na kuondoka. Amesema askari wakishawamaliza wanaume watawajia wake na watoto wao majumbani, ameona huko Kizuka. Anaondoka kesho alfajiri, na safari hii hangojei unga wa mtu. Ataacha nyavu zake zote nchi kavu ili tuenee: mimi, Asha, mdogo wake na bibi yao. Nimemwambia ndiyo kabla hajamaliza kusema.

Bibi Mwamvua anasema haendi. Anasema mwanawe akirudi nani atamfungulia mlango. Nimemwambia atakwenda. Nimemwambia hii ni mara yangu ya kwanza kutomsikia na sitaki kuizoea, kwa hiyo asinilazimishe kumbeba. Ameingia ndani, nasikia anafungua sanduku lake la nguo. Biskuti za mtu mmoja za siku sita tutakula sisi wanne. Asha ameuliza kama ni za baba. Nimesema ndiyo, na baba amesema tuzile.

Sitaacha barua. Atakayeisoma huenda asiwe yeye. Daftari naondoka nalo, na mlango nitaufunga kwa kufuli na ufunguo nitauchukua.

Najua alichosema askari. Nimekisikia vizuri, mimi si mtoto. Lakini kesho nikiwa majini nitaomba dua moja tu, na nitaiomba kwa hasira hii hii, maana sina nyingine. Naomba Idrisa arudi akute mlango umefungwa, jiko baridi, hakuna mke, hakuna watoto, hakuna mama. Avunje kufuli. Apige kelele mpaka Karolina atoke nje. Aulize mtaa mzima ni mwanamke gani huyu asiyeweza kumngoja mumewe hata siku moja, kisha avuke ziwa kunifuata Kigoma, anikasirikie mbele ya wake wote wa mjomba wake.